Bonde la mtengano: miamba inapoteleza ubavu na kuacha shimo

Huku Mwanza utasikia mara kwa mara kwamba Ziwa Victoria limo ndani ya Bonde la Ufa. Halimo. Limekaa katikati ya mikono miwili ya bonde hilo, juu ya kipande kikongwe cha ganda la dunia, kile kile kilichotupa mawe ya graniti yaliyorundikana Capri Point na vilimani, yenye umri unaozidi miaka bilioni 2.5. Ardhi ya magharibi ilipoinuka, mito iliyokuwa ikielekea huko, Kagera ukiwemo, ilizuiwa na maji yakatuama. Ndiyo maana ziwa letu ni pana ajabu lakini kina chake hakizidi sana mita 80. Ziwa Tanganyika, ambalo kweli limo ufani, lina kina cha mita 1,470 hivi, kwa sababu pale ardhi ilivutwa pande mbili, sakafu ikazama.

Kuna asili ya tatu, ile inayozaa bonde la mtengano, na kwangu ndiyo inayovutia kuliko zote, kwa sababu hapo hakuna anayevuta wala anayeinua. Mabamba mawili ya miamba yanapishana tu, moja likienda huku na jingine kule, kama magari kwenye barabara ya njia mbili. Ufa wa namna hiyo ukinyooka, hakuna bonde linalozaliwa. Lakini nyufa ndefu ni nadra kunyooka. Hufika mahali zikakoma, kisha zikaendelea pembeni kidogo. Hapo penye kuruka ndipo mambo yote hutokea.

Jaribu mwenyewe. Chukua karatasi ngumu, ikate kwa wembe kuanzia upande wako kwenda mbele. Ukifika katikati, pinda kushoto sentimita 3, kisha endelea mbele hadi mwisho. Sasa shikilia kipande cha kushoto, na cha kulia ukisukume mbele polepole. Penye pindo patafunguka shimo la pembe nne. Upana wake ni ule wa pindo, sentimita 3. Urefu wake ni umbali uliosukuma. Ukikivuta kipande hicho kurudi upande wako, kingo zitagongana na karatasi itakunjamana. Kwa hiyo ufa ule ule unaweza kuzaa bonde au kilima, kutegemea unaruka upande gani ukilinganishwa na mwendo wa mabamba.

Ardhini, bila shaka, halibaki pengo tupu. Ganda hunyooka na kuwa jembamba, kingo hukatika kwa nyufa za kushuka, na sakafu huzama kidogo kidogo kwa mamilioni ya miaka huku mito ikimwaga mchanga na matope. Mara nyingi mashapo hujazana kwa unene wa kilomita kadhaa, na bonde huonekana kwenye ramani kama msambamba mrefu.

Mfano unaojulikana zaidi ni Bahari ya Chumvi. Ufa unaopita hapo hutenganisha bamba la Arabia na eneo la Sinai na Palestina, na upande wa Arabia umeshasogea kaskazini takriban kilomita 105 kuliko mwenzake. Uso wa maji yake uko zaidi ya mita 430 chini ya usawa wa bahari. Wa ziwa letu uko mita 1,134 juu. Death Valley, bonde la jangwa huko California, nalo lilielezwa kuwa la mtengano mwaka 1966 na wanajiolojia Burchfiel na Stewart.

Je, Tanzania tunalo bonde kama hilo? Bonde la Ziwa Rukwa ndilo lililobishaniwa. Baadhi ya wanajiolojia walisema lilifunguka kwa mabamba kupishana kuelekea kaskazini magharibi na kusini mashariki. Wengine wakasema lilivutwa moja kwa moja, kama Tanganyika. Njia mojawapo ya kuamua ni kutazama michirizi iliyochongwa kwenye uso wa mwamba pale ufa uliposugua. Ikilala mlalo, miamba ilipishana. Ikishuka wima, upande mmoja ulizama. Matetemeko yaliyorekodiwa ukanda huo yanaonyesha zaidi kuzama, kwa hiyo mimi naegemea upande wa waliosema Rukwa lilivutwa.