Usiombe radhi kwa kutofanya jaribio

Wiki iliyopita mwanafunzi wangu wa uzamili aliniletea pendekezo la utafiti kuhusu akina mama wanaouza mboga sokoni huku watoto wakiwa mgongoni. Kwenye sura ya mbinu kaandika: "Kwa kuwa siwezi kufanya jaribio, nitatazama tu." Hilo "tu" nikalikata kwa kalamu nyekundu, kisha nikamsimulia habari za Mary Ainsworth.

Mwaka 1954 mwanasaikolojia huyo alifika Kampala na mumewe, aliyepata kazi katika taasisi ya utafiti wa jamii pale Makerere. Alitaka kuchunguza kuachishwa ziwa, kwa sababu desturi ya Waganda ilikuwa kumpeleka mtoto kwa jamaa ili alisahau ziwa la mama. Vijijini akakuta wengi wameshaiacha desturi yenyewe. Jaribio lililopangwa mapema lingefia hapo. Yeye akabadilisha swali: mtoto hufungamanaje na mama yake?

Akawafuatilia watoto 28 wa familia 26, akienda nyumbani kwao kila baada ya wiki mbili hivi, na mkalimani kando yake. Aliandika mtoto humlilia nani anapoondoka, humtambalia nani, na jinsi anavyokwenda kuchezea kitu kisha akarudi kumshika mama kabla ya kwenda tena. Hojaji isingeyanasa hayo. Na jaribio? Humo mtafiti ndiye huwagawa watu kwa kura, hawa wapate hiki na wale kile. Nani atapiga kura mama yupi amjali mwanawe na yupi ampuuze?

Lakini kutazama kuna bei yake, nami hapa huwakalisha wanafunzi muda mrefu. Ainsworth aliona kwamba mama aliyejua kumweleza mtoto wake kwa undani, bila kuchokonolewa, kwa kawaida alikuwa na mtoto aliyefungamana naye kwa utulivu. Je, umakini wa mama ndio uliomtuliza mtoto? Au mtoto mtulivu ndiye aliyempa mama raha ya kumsimulia? Au nyumba yenye amani iliwapa wote wawili? Kuna na la nne, ambalo wanafunzi hulipita: aliyempima mama ndiye yuleyule aliyempima mtoto. Tena ziara zilikuwa za mchana, saa za kupumzika na kupokea wageni. Mama wa asubuhi, jembe mkononi, ni kama hakuonekana.

Baadaye, huko Baltimore, Marekani, alirudia kazi kwa familia nyingine 26, ziara zikiwa ndefu zaidi. Hapo pia alibuni utaratibu maarufu wa chumba chenye wanasesere: mgeni anaingia, mama anatoka, kisha mama anarudi. Wengi huuita jaribio kwa sababu ya maabara na kioo cha kuchungulia. Siyo. Watoto wote walipitia hatua zilezile, na hakuna aliyegawiwa mama kwa kura. Ni uchunguzi uliopangiwa hatua, basi. Faida yake ni kwamba mtoto wa huku na wa kule wanalinganishika. Hasara yake ni kwamba kile chumba si nyumbani kwa mtu.

Mwanafunzi wangu amerudi jana na rasimu mpya. Ameongeza ukurasa mzima juu ya saa atakazokuwa sokoni, na juu ya akina mama ambao saa hizo watakuwa hawajafika au wameshaondoka. Mtu wa pili atawapima watoto bila kusikia maelezo ya mama zao. Nimeisaini rasimu.