Dume wangu wa mbegu ana miaka tisa

Mteja anayefika kwangu mara ya kwanza hunikuta barazani, na mbwa mweusi mwenye mvi kidevuni amelala miguuni pangu. Akishakunywa chai anauliza dume wa mbegu yuko wapi. Namwonyesha huyuhuyu. Mmoja alikuja kutoka Muyenga, mtaa wa Kampala, na gari zuri, akamtazama mara mbili, akasema, "Afande, huyu si mnastaafu naye pamoja?" Nilicheka, akacheka, akaenda kununua kwingine.

Nilikuwa askari wa mbwa kwenye polisi kabla ya kuanza kuzalisha mbwa aina ya Dobermann huku upande wa Mukono, Uganda. Kambini tuliongea Kiswahili, kwa hiyo hata mbwa nawafundisha kwa Kiswahili: kaa, lala, acha, tafuta. Wakiuzwa kwenye nyumba ya Waganda, mwenye nyumba hujifunza maneno manne na mambo yanaenda. Kumwona mbwa mkakamavu nilishajua zamani. Kuona kilichomo ndani ya kifua chake nilijifunza kwa hasara.

Dobermann wangu wa kwanza aliitwa Radi. Nilimpandisha akiwa na miezi kumi na sita tu, kwa sababu alikuwa mrefu, kifua kipana, manyoya yanang'aa kama kiatu cha gwaride, na kila aliyemwona alitaka mtoto wake. Hela iliingia. Alipokaribia miaka sita, asubuhi moja ya mazoezi, nilimwachia amfuate kijana aliyevaa mkono wa kung'atwa. Alifika nusu ya uwanja akaanguka. Hakulia. Nilipomfikia alikuwa amekwisha. Daktari alimpasua akanionyesha moyo: mkubwa kuliko kawaida, umelegea, kuta nyembamba kama gunia lililokwisha mwagwa mahindi. Nikasema ni bahati mbaya. Mwaka uliofuata wateja wakaanza kupiga simu, mmoja baada ya mwingine, na hadithi yao ilikuwa ileile. Mbwa alikuwa mzima jana, leo ameanguka uani.

Ule ni ugonjwa wa kutanuka kwa moyo, na Dobermann ndiye mbwa anayeandamwa nao kuliko karibu kila mwingine. Msuli wa moyo unadhoofika na vyumba vyake vinapanuka, au mapigo yanavurugika kwanza, na mbwa anaweza kufa ghafla hata kabla hajaonyesha kuchoka. Utafiti mmoja wa Ujerumani uliotolewa mwaka 2010, uliowafuatilia mamia ya Dobermann, ulikadiria kwamba asilimia 58 huupata katika maisha yao. Lakini takwimu iliyonikosesha usingizi ni ya umri. Kwa wenye miaka minne hadi sita, wagonjwa walikuwa kama mmoja kati ya wanane. Kwa wenye miaka sita hadi minane, zaidi ya asilimia 40.

Piga hesabu hiyo kama mfugaji. Dume anayepandishwa akiwa na miaka miwili ameshaacha watoto, na wajukuu pia, kabla ugonjwa wake haujajitokeza. Unauza mbegu usiyoijua. Ndiyo maana dume wangu ana mvi. Amevuka ile miaka ambayo nusu ya wenzake hukwama, mama yake aliishi hadi kumi na moja, na kila asubuhi bado anakimbia nami hadi bondeni na kurudi, kisha anang'ata mkono wa mazoezi na kuuachia kwa neno moja. Hicho ndicho kipimo cha bei nafuu kuliko vyote nilivyowahi kusikia, ila kinadai subira.

Vipimo vingine vipo na navitumia. Kuna Holta, kifaa kilekile wanachofungwa watu wenye matatizo ya moyo; mbwa huvalishwa fulana, kifaa kikarekodi kila pigo kwa saa 24. Mapigo ya ziada yakizidi 300 kwa siku, huyo ni wa kutazamwa kama mgonjwa hata kama anaruka ukuta. Yakiwa kati ya 50 na 300, unampima tena. Chini ya hapo unashukuru, halafu unapima tena mwakani, kwa sababu majibu mazuri ya leo hayasemi lolote kuhusu miaka mitatu ijayo. Ipo pia ultrasaundi ya moyo, na vipo vipimo vya vinasaba ambavyo sampuli yake hutumwa nje. Hivyo vya vinasaba usivitegemee peke yake. Mabadiliko mawili yanayopimwa yaligunduliwa kwa mbwa wa Marekani, na wapo mbwa waliotoka safi wakafa kwa moyo, na wapo waliobeba mabadiliko hayo wakazeeka. Mtu akikuuzia mtoto kwa karatasi hiyo pekee, mwulize babu wa huyo mtoto alikufa na miaka mingapi, na kwa nini. Mfugaji anayejua atajibu kabla hujamaliza swali.

Majike ni hesabu nyingine. Huwezi kumsubiri jike hadi miaka minane ndipo umzalishe, utamwua. Kwangu jike hapandwi kabla ya kufikisha miaka miwili na nusu, wala baada ya sita, na namchagua kwa kumtazama mama yake na shangazi zake. Bibi akiwa hai na anabweka, hilo lina uzito kuliko kombe lolote.

Sasa nije kwenye neno ambalo wateja wa Kampala hulitaja kabla ya salamu: mkali. "Afande, nataka mkali." Nawaelewa, geti limeshavunjwa mara mbili. Ila wengi wanachokiita ukali ni woga. Mbwa anayerusha mate kwenye waya, mkia umebana, macho yanatafuta pa kukimbilia, huyo anaogopa, na mwizi mzoefu anajua. Akipita ubavuni kwake na kipande cha nyama au fimbo ndefu, kazi imeisha. Na mbwa huyohuyo ndiye atakayemng'ata mtoto wa jirani aliyefuata mpira.

Karl Friedrich Louis Dobermann, aliyezaliwa mwaka 1834, alikuwa mtoza kodi katika mji wa Apolda huko Ujerumani, na inasemekana alisimamia pia banda la mbwa wasio na wenyewe. Alitaka mbwa wa kutembea naye na mfuko wa hela. (Mtoza kodi anahitaji rafiki popote duniani, hata kwenye maduka ya Kikuubo, Kampala.) Mbwa wa namna hiyo lazima akae kimya mlangoni wakati bwana wake anahesabu sarafu, na ajue lini mambo yamebadilika. Wajerumani walioendeleza kazi yake, waliounda chama chao hukohuko Apolda mwaka 1899, waliishika hoja hiyo. Hadi leo vigezo vya shirikisho la kimataifa la mbwa, FCI, vinataka mbwa mwenye ukali wa wastani na anayechokozeka kwa kiasi cha wastani, na Wajerumani wana mtihani wa kuzalisha uitwao ZTP, ambamo mbwa hupimwa umbo na pia ujasiri na tabia kabla hajaruhusiwa kuzaa. Wastani! Nikimsomea mteja kipengele hicho huniangalia kana kwamba nimemsomea tangazo la kanisani.

Ujasiri huo unaanza kwenye damu, kisha unajengwa kati ya wiki ya tatu na ya kumi na nne. Watoto wangu hulelewa karibu na jiko, mahali wanaposikia mvua kwenye mabati, jenereta, bodaboda ya mwenye maziwa na watoto wa shule. Wakifika wiki saba naangusha kifuniko cha sufuria kubwa kwenye saruji. Wote hushtuka, na kushtuka si kosa. Natazama nani anarudi kukinusa na baada ya muda gani. Asiyerudi kabisa nampa familia inayotaka rafiki wa nyumbani, na kazini haendi. Mwaka juzi nilipata kipimo ambacho sikukipanga: kaloli alitua uani, lile dege refu la majalalani, akasimama pale kama hakimu. Watoto wanane walijificha chini ya meza. Jike mmoja mdogo, wa mwisho kuzaliwa, alitoka, akaketi hatua tatu kutoka kwake, akamtazama hadi kaloli akaondoka. Huyo sikumwuza.

Hajji mmoja wa Bombo ananunua kwangu kila baada ya miaka michache. Sharti lake ni moja: mbwa wa kulinda, asimlambe wala kumrukia, kwa sababu ya udhu. Kumfundisha Dobermann akae hatua mbili kutoka kwa bwana wake na bado amsikilize kwa moyo wote ni kazi ya miezi, na mbwa mwenye woga hawezi kabisa. Yeye hukimbia mbali au hung'ang'ania miguu. Wateja wenye masharti magumu wamenifundisha kuchagua kuliko mashindano.

Rangi nitazipitia haraka, maana sina subira nazo. FCI inakubali nyeusi na kahawia, zote zenye madoa mekundu ya kutu. Ile nyeusi iliyopauka ikawa kijivu, ambayo wauzaji huiita bluu na kuiongezea bei, mara nyingi huishia na ngozi mbovu na manyoya yanayopukutika. Na Dobermann mweupe ni zeruzeru; wa kwanza kuandikishwa alizaliwa Marekani mwaka 1976. Kumleta mbwa wa hivyo kuishi chini ya jua la ikweta ni ukatili. Masikio na mikia sikati.

Damu inahitaji maelezo zaidi. Dobermann wengi hubeba ugonjwa wa von Willebrand, ambamo damu huchelewa kuganda. Kipimo chake cha vinasaba kinaaminika, hivyo ni rahisi kuuepuka: mbwa aliyebeba nakala moja ya kinasaba kibovu unampandisha kwa aliye safi, na hakuna mtoto atakayepata nakala mbili. Huku kwetu kuna mtego. Mbwa akitokwa damu puani, mwenye kusoma intaneti huruka moja kwa moja kwenye von Willebrand, na jirani husema sumu. Kumbe mara nyingi ni kupe. Erlikia, inayoletwa na kupe wa mbwa, hushusha chembe za kugandisha damu, na ikigunduliwa mapema dawa yake haina shida kupatikana. Kwa hiyo damu kwanza kwenye darubini, nasaba baadaye.

Kisha kuna koti lao jembamba. Dobermann hana manyoya ya ndani, na inzi wa maembe, ambaye funza wake huingia ngozini, humwona kama shamba. Unavyopiga pasi nguo zilizoanikwa nje, pigia pasi na matandiko yake, usicheke. Ukimpeleka kwenye baridi ya Kabale, mpe blanketi.

Dume mzee ana gharama yake, nisifiche. Mbegu inapungua. Mwaka jana jike mmoja hakushika kabisa na mwingine alizaa wanne tu, wakati dume kijana wa jirani alitoa kumi na mmoja. Ninauza wachache na wateja wanangoja, wengine hawangoji.

Nina daftari lenye safu ya mwisho isiyo na kitu. Kila Januari nawapigia wanunuzi wa zamani na kuuliza jambo moja: bado yupo? Uzao wa mwaka 2019, wa dume aliyemtangulia huyu, ulikuwa wa watoto tisa. Januari hii saba walikuwa hai. Mmoja aligongwa na gari Seeta, mwingine aliumwa na nyoka. Hakuna aliyeanguka akikimbia, lakini ndiyo kwanza wameingia kwenye ile miaka. Wawili kati yao ni madume wenye tabia ninayoitaka, na wenye mbwa hao nimewaomba wasiwapandishe hadi nipige simu tena.