Virusi dhidi ya uvimbe wa ubongo: yanayosemwa na yaliyothibitishwa

Habari ya madaktari kuingiza virusi kwenye ubongo wa mgonjwa husambaa haraka, na ikishafika kwenye makundi ya WhatsApp huzaa kambi mbili: wanaoogopa, na wanaotangaza kwamba saratani imepata kiboko yake. Kambi zote mbili zinaweza kumwumiza mgonjwa. Nitazungumzia zaidi glioblastoma, uvimbe mkali sana unaoanzia ubongoni kwa watu wazima. Jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2005 lilionyesha kwamba hata kwa upasuaji, mionzi na vidonge vya saratani vya temozolomaidi, nusu ya wagonjwa hawakufikisha miezi 15. Ndiyo maana watafiti wamethubutu kugeukia virusi.

“Kumwekea mtu virusi kichwani ni kumwongezea ugonjwa.”

Virusi vinavyotumika havina tena uwezo viliokuwa nao vilipokuwa vikisambaza maradhi. Vingine vimenyimwa kabisa uwezo wa kuzaliana: vinabeba jeni, vinaishusha ndani ya seli, kazi imekwisha. Vingine vimeachiwa kuzaliana, ila katika seli za saratani tu, mpaka seli hizo zipasuke. Mfano mzuri ni G47-delta, iliyotengenezwa kutokana na virusi vya hepesi aina ya 1, vile vile vinavyotoa malengelenge midomoni na ambavyo takribani theluthi mbili ya watu duniani walio chini ya miaka 50 wanavyo mwilini. Vimebadilishwa jeni tatu, hivyo seli yenye afya inavizuia, lakini seli ya saratani, iliyokwisha kupoteza ulinzi wake, haiwezi. Na jeni inayoviwezesha kuuawa na asikloviri imeachwa makusudi, ili daktari awe na dawa ya kuvizima mambo yakiharibika.

Hii haina maana kwamba hakuna hatari. Mwaka 1999 kijana wa miaka 18, Jesse Gelsinger, alifariki katika jaribio la tiba ya jeni huko Pennsylvania, Marekani, baada ya kupewa adenovirusi kwa ajili ya ugonjwa wa ini. Kwenye ubongo hofu kubwa ni uvimbe kujaa maji kinga ya mwili inapowaka, na fuvu halina nafasi ya ziada.

“Mgonjwa atabadilika jeni mwili mzima, na watoto wake watarithi.”

Hapana. Virusi huchomwa ndani ya uvimbe au kwenye kingo za pengo lililoachwa na upasuaji, na kazi yake inalengwa pale pale. Mayai ya uzazi na mbegu za kiume havihusiki.

“Kirusi kikishaingia kitausaka uvimbe wote chenyewe.”

Hapa ndipo matumaini mengi yalipovunjika, na naona hapasemwi vya kutosha. Mwaka 1992 watafiti wa Marekani walionyesha kwa panya kwamba retrovirusi, aina ya virusi vinavyochomeka jeni zake ndani ya jeni za seli, inaweza kupeleka jeni ya hepesi kwenye seli za uvimbe. Jeni hiyo hutengeneza kimeng'enya kinachoigeuza dawa ya gansikloviri kuwa sumu, na sumu hiyo inazaliwa ndani ya seli yenye jeni, kisha inapenya kwa majirani zake. Uvimbe wa panya uliyeyuka. Mwaka huo huo majaribio kwa binadamu yakaanza. Lakini matokeo ya jaribio la awamu ya tatu, yaani lile kubwa la kulinganisha tiba mpya na ya kawaida, lenye wagonjwa 248, yalipotoka mwaka 2000, waliopata jeni hawakuishi zaidi ya wenzao.

Sababu kubwa ni umbali. Uvimbe wa panya ni mdogo sana. Wa binadamu umetuma seli zake mbali ndani ya ubongo ulio mzima, ilhali virusi vilivyochomwa kwa sindano huishia karibu na tundu la sindano, kama kopo la maji lililomwagwa katikati ya shamba kavu. Seli zilizofikiwa zilikuwa chache mno.

Watafiti wakafikiria retrovirusi inayoweza kuzaliana na kusambaa yenyewe. Ikaitwa Toca 511, na jeni yake iliigeuza flusitosini kuwa dawa ya saratani. Madaktari wa Afrika Mashariki wanaijua flusitosini: ndiyo inayotibu homa ya uti wa mgongo ya kuvu kwa wenye VVU. Wazo lilikuwa zuri sana. Jaribio la awamu ya tatu lilihusisha wagonjwa 403, na mwaka 2019 ikatangazwa kwamba limeshindwa: nusu ya waliopata tiba hiyo waliishi hadi miezi 11.1, na kwa waliopata tiba ya kawaida ni miezi 12.2.

“Japani wameshaidhinisha, basi dawa imepatikana.”

Ni kweli, Juni 2021 Japani iliidhinisha G47-delta, kazi ya Tomoki Todo wa Chuo Kikuu cha Tokyo. Ila idhini yenyewe ni ya masharti na ya muda wa miaka 7, huku ushahidi ukiendelea kukusanywa. Jaribio lilikuwa na wagonjwa 19, bila kundi la kulinganisha. Asilimia 84 walikuwa hai mwaka mmoja baadaye, matokeo ya kutia moyo sana, lakini wagonjwa 19 hawatoshi kufunga mjadala.

Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani nacho kilitumia kirusi cha polio kilichobadilishwa. Mwaka 2018 kiliripoti kwamba kati ya wagonjwa 61, asilimia 21 waliishi miaka mitatu, dhidi ya asilimia 4 ya wagonjwa wa zamani waliofanana nao. Tuisome takwimu hiyo yote: wanne kati ya watano hawakufika huko, na waliolinganishwa nao hawakutibiwa katika jaribio hilo.

“Kinga ya mwili ni adui wa tiba hii.”

Wengi waliamini hivyo, kwa kuwa kinga huua virusi kabla havijafanya kazi. Kisha mwaka 2023 ikachapishwa taarifa ya wagonjwa 41 wa glioblastoma iliyorudi, waliopewa virusi vya hepesi vinavyoitwa CAN-3110 huko Boston. Waliokuwa tayari na kingamwili (protini za kinga) dhidi ya hepesi ndio walioishi zaidi. Inaelekea kirusi huifumbua macho kinga, ikauona uvimbe uliokuwa umejificha. Kwangu hili ndilo jambo lenye matumaini kuliko yote, maana kinga inaweza kufika kule ambako sindano haifiki.

“Kuna kliniki inaiuza, ukiwa na fedha unaipata.”

Nje ya idhini ya Japani, tiba hizi za glioblastoma hutolewa ndani ya majaribio yaliyosajiliwa. Kabla familia haijauza kiwanja, imwombe huyo anayeahidi namba ya usajili wa jaribio, awamu yake, na jina la kirusi kinachotumika, kisha maelezo hayo yapelekwe kwa daktari wa saratani anayemtibu mgonjwa.