Ukitoa parseli yako kwa yatima, nani atalinda neno lako?

Papa mmoja alikuja ku biro yetu ya msaada wa sheria hapa Lubumbashi, ameshika bahasha tupu. Alikuwa ametoa nyumba yake ya Kampemba kwa shirika moja, na siku ya sherehe alisema mbele ya watu wote kama nyumba isiuzwe, ipangishwe tu, na pesa ya lokatere ilipe minervali ya yatima. Miaka sita nyuma ya pale, nyumba iko na mwenye mwingine. Nikamuuliza karatasi iko wapi, akaniambia watu wote walisikia.

Ile kitu inaniuma kila mara, ju sheria ingemusaidia. Code de la famille ya 1987 (sheria ya familia ya Kongo) inakubali utoe kitu na masharti ndani yake, na mwenye kupokea asipoyatimiza unaweza kuomba tribinali ivunje zawadi. Lakini tribinali inasoma akti, ni kusema karatasi ya zawadi yenyewe, haisomi sherehe.

Zawadi ya namna hii, wengine wanaiita wakfu, iko tofauti na kutoa gunia ya unga: mali yenyewe inabaki, kinachotumika ni kile inazaa. Kwa hiyo inapaswa kuishi kupita wewe, na hapo njo hatari iko, ju komite ya shirika ya leo inakujua, komite ya kesho haikujui hata sura.

Na parseli iko na mambo yake. Tangu sheria ya 1973 ardhi ni ya Serikali, unachotoa wewe ni konsesyo, ni kusema haki ya kutumia ile ardhi. Ile ya milele ni ya mtu raia wa Kongo tu, ASBL (shirika lisilotafuta faida) inapata ya kawaida, miaka 25 na kurudishwa upya. Basi usimpe mtu sertifika ya anrejistrema (karatasi ya haki yako juu ya parseli) mkononi ukarudi nyumbani, fika kwa notere halafu kwa konservatere, ofisa wa Serikali anayeandikisha parseli, bila hivyo kwa sheria hakuna kilichohama. Kama unatoa kwa testama, kumbuka watoto wako wana haki ya robo tatu ya mali, ukitoa yote watakuja kuidai na watakuwa na haki.

Sasa mulinzi, mtu wa kuangalia kama masharti yako yanafuatwa. Hapa njo watu wengi wanakosea, hata matajiri. Mwaka 1961 Charles Robertson na mke wake Marie kule Marekani walitoa dola milioni 35 kwa fondasyo ya kusaidia chuo kikuu cha Princeton, ili vijana wafundishwe kazi ya serikali. Karatasi ilikuwa, fondasyo ilikuwa, lakini mu komite chuo kilikuwa na viti vinne na familia vitatu, kwa hiyo wakipiga kura familia inashindwa. Familia ilipoona pesa inaenda pengine ilifungua kesi mwaka 2002, wakasikilizana mwaka 2008 tu, Princeton ikakubali milioni 40 za gharama za kesi na milioni 50 kwa fondasyo mpya. Jimbo la Kansas, mwaka 2023, lilipitisha sheria ya kumuruhusu mtoaji mwenyewe apeleke kesi masharti yake yakivunjwa, ju mahali pengi kule haki hiyo ilikuwa ya mwanasheria mkuu wa jimbo tu.

Kwa hiyo, papa na mama munaotaka kutoa, andikeni mu akti kazi ya mali kwa maneno wazi (si "kusaidia jamii", hiyo inabeba kila kitu), mukataze kuuza ao kuweka rehani, mutaje nani atapokea rapoti kila mwaka na awe na haki ya kwenda tribinali, asiwe mtu wa komite. Halafu museme mali iende wapi shirika likifa ao yatima wa ile kartie wakiisha, ju mukikaa kimya watu wengine wataamua pahali penu.

Mukija kwetu, leteni sertifika, karte d'electeur, statiti za shirika, na huyo mulinzi mwenyewe aje asikie kazi unamupatia.