When a Man Loves a Woman: yasemwayo na ukweli wake

Wimbo huu wa soul ulioimbwa na Percy Sledge ulishika namba moja Marekani Mei 1966, na mwaka 1987 ukarudi hadi namba mbili Uingereza baada ya kutumika kwenye tangazo la jinzi. Kwa muda wote huo umezungushiwa maneno mengi yasiyo sahihi.

Dhana: Ni wimbo wa harusi.
Sikiliza maneno yake. Mwanamume anatumia hata senti ya mwisho, anamgeuzia mgongo rafiki kipenzi anayemsema vibaya mpenzi wake, yuko tayari kulala nje mvuani, na akichezewa, yeye ndiye wa mwisho kujua. Huyo anaomba asiumizwe. Wanaoupiga maharusi wakifungua dansi wamesikia jina la wimbo na mwendo wake wa taratibu tu. Kwetu sisi, uchungu huo ndio unaoufanya usichakae: anayependwa na aliyeachwa wote wanajikuta humo.

Dhana: Ulirekodiwa kwenye studio ya FAME au ya Muscle Shoals Sound.
Hapana. Ulirekodiwa Norala, studio ndogo ya Quin Ivy mjini Sheffield, Alabama. Muscle Shoals Sound ilifunguliwa 1969. Watu huchanganya kwa sababu wapigaji, kama Spooner Oldham kwenye kinanda na Roger Hawkins kwenye ngoma, walikuwa wa eneo hilohilo.

Dhana: Sledge ndiye mtunzi, basi alitajirika nao.
Waliosajiliwa ni wenzake wa bendi, Calvin Lewis na Andrew Wright. Sledge alisema baadaye kwamba melodi ilikuwa yake akawaachia, lakini mirabaha hufuata usajili. Tena redio za kawaida za Marekani humlipa mtunzi na mchapishaji wimbo unapopigwa. Mwimbaji hapati kitu. Michael Bolton alipouimba upya ukawa namba moja 1991, fedha za utunzi hazikupita kwa Sledge.

Dhana: Rekodi inayodumu haina kasoro.
Vipulizo vya rekodi hii havikukaa sawasawa kwenye sauti. Jerry Wexler wa Atlantic, kampuni iliyotoa rekodi hiyo, alitaka virekodiwe upya, vikarekodiwa, lakini toleo lililoingia sokoni likawa lile la kwanza.

Dhana: Ni rahisi kupiga, kwa kuwa ni wa polepole.
Hapa ndipo bendi nyingi huharibu. Uti wa mgongo wa wimbo ni besi inayoshuka ngazi, kama wanakwaya wanavyosoma: do, ti, la, so, fa, kisha so na kurudi do. Ukipiga kwa ufunguo wa C, yaani do ni C, kinanda kikifika kodi ya G mara ya kwanza, besi ishike B, ile ti. Mpiga besi akirukia G, ngazi imekatika, na ule mvuto wa kuzama unapotea hata mwimbaji awe hodari namna gani.

Mpigo nao ni 12/8: mapigo manne, kila moja limegawanywa mara tatu. Mpiga ngoma akigawanya mara mbili, wimbo unakuwa mkavu na wote wanaanza kukimbia. Hesabu moja-mbili-tatu mara nne kabla ya kuanza. Usishushe ufunguo kiasi kwamba mwimbaji anastarehe. Sledge anaimba karibu na ukingo wa sauti yake tangu neno la kwanza, na ule mkazo wa koo ni sehemu ya wimbo.