Mzunguko wa majira: picha zinazopaswa kutazamwa pamoja

Mtu wa pwani akitamka "kaskazi", hataji upepo peke yake. Neno hilo linabeba majahazi yaliyoshuka kutoka Uarabuni, joto la Desemba na Januari, na pilikapilika za bandarini. Mkulima naye akisikia "masika" hufikiria jembe na mbegu kabla ya kufikiria mvua. Kwetu, jina la majira ni jina la kazi. Ukilishika hilo, dhana ya uchoraji iitwayo mzunguko wa majira haitakupa taabu, ijapokuwa mifano yake mashuhuri imetoka Ulaya yenye theluji.

Mzunguko wa majira ni kundi la picha zilizobuniwa tangu mwanzo ziwe kitu kimoja, kila picha ikishika sehemu yake ya mwaka. Picha moja ya theluji si mzunguko. Hata jumba la makumbusho likikusanya kazi za wasanii kumi kuhusu mavuno na baridi, hayo ni maonyesho yenye mada ya majira, na huenda yakawa mazuri sana, lakini si mzunguko. Ndani ya mzunguko, picha ya njaa inakamilishwa na picha ya shibe. Ukiitazama moja tu, umesoma ukurasa mmoja wa kitabu.

Asili yake ni kalenda. Katika Ulaya ya zamani, kazi za miezi kumi na miwili zilichongwa kwenye milango ya makanisa na kuchorwa mwanzoni mwa vitabu vya sala: mwezi huu watu wanapogoa mizabibu, ule wanakata ngano, ule mwingine wanachinja nguruwe. Kitabu maarufu kuliko vyote vya aina hiyo kilichorwa na ndugu watatu wa Limbourg, wenyeji wa Nijmegen katika Uholanzi ya leo, kwa ajili ya Jean, Mtawala wa Berry nchini Ufaransa. Ndugu hao pamoja na bwana wao walifariki mwaka 1416, kazi ikiwa haijamalizika. Kitabu kimehifadhiwa katika jumba la Chantilly, kaskazini ya Paris, na wosia wa aliyelikabidhi jumba lile hauruhusu vitu vyake kuazimwa nje. Mwaka 2025, wakati wa ukarabati, kurasa za kalenda zilifunguliwa kutoka kwenye jalada na kuonyeshwa zote kwa pamoja.

Lakini mzunguko ambao ningependa kila mtu aufahamu ni ule wa mchoraji Pieter Bruegel, wa mwaka 1565. Mfanyabiashara wa Antwerp, mji wa Ubelgiji ya leo, aitwaye Niclaes Jonghelinck, alimwagiza picha za miezi kwa ajili ya nyumba yake. Bruegel alizichora kwa rangi za mafuta juu ya mbao za mwaloni, kila moja ikiwa na upana wa takriban mita moja na nusu. Wataalamu wengi wanakubaliana kwamba zilikuwa sita, kila picha ikibeba miezi miwili. Leo zimebaki tano.

Watu wengi wanaijua moja, Wawindaji Thelujini. Wanaume watatu wanarudi kijijini wakituonyesha migongo, mbwa wao wameinamisha vichwa. Hesabu mbwa, kisha tafuta walichopata: mbweha mmoja tu, ananing'inia mgongoni mwa mwindaji. Kando yao watu wanambabua nguruwe kwa moto, na kibao cha nyumba ya wageni kinaning'inia kwa ndoano moja. Bondeni watoto wanacheza juu ya madimbwi yaliyoganda. Baridi ya mwaka ule ilikuwa kali mno kaskazini mwa Ulaya, na mchoraji aliiona kwa macho yake.

Sasa iweke pembeni mwa picha nyingine ya mzunguko huo, Wavunaji. Ngano imesimama kama ukuta wa dhahabu. Wengine wanaikata, wengine wameketi chini ya mti wanakula mkate, na mmoja amelala chali, miguu imetanuka, amechoka vibaya. Ukitoka kwa mbweha yule mmoja ukafika kwenye ngano hii, unaelewa usingizi wa mtu huyo ni wa nini: jasho lake la leo ndilo chakula cha wale walio thelujini. Hakuna picha kati ya hizo mbili inayoweza kukuambia hayo ikiwa peke yake. Hiyo ndiyo kazi ya mzunguko.

Zilizobaki nazipitia upesi. Siku ya Kiwingu ni ya mwisho wa baridi: watu wanakata matawi, mtoto amevaa taji la karatasi la sikukuu, na kwa mbali dhoruba inazisumbua meli. Uvunaji wa Nyasi ni picha ya kijani, na wanawake watatu wanapita na reki mabegani. Katika Kurudi kwa Ng'ombe, mifugo inateremshwa kutoka malishoni kabla baridi haijafika. Iliyopotea ni ya Aprili na Mei, majira ya kuchipua.

Si mizunguko yote inayohesabu kazi. Mwezi Mei 1891, mchoraji Mfaransa Claude Monet alionyesha jijini Paris picha 15 za marundo ya ngano, zikiwemo za kiangazi na za theluji. Marundo ni yale yale, ila mwanga umebadilika. Nazipenda, ingawa watu wa Bruegel, wenye jasho na njaa, hawamo humo.

Picha tatu za Bruegel, yaani wawindaji, kiwingu na ng'ombe, ziko katika jumba la makumbusho la Kunsthistorisches, Vienna. Ya nyasi iko Prague, katika kasri la ukoo wa Lobkowicz, safari ya treni ya kama saa nne kutoka Vienna. Wavunaji wako New York, katika jumba la Metropolitan, tangu 1919. Katika maonyesho makubwa ya Vienna ya 2018 na 2019, ile ya Prague iliungana na tatu za Vienna, zikawa nne kati ya tano.

Asiyeweza kusafiri anaweza kuzipata bure kwenye intaneti kwa ubora wa kutosha kuwahesabu mbwa wale. Zipange kwa safu: wawindaji, kiwingu, nyasi, wavunaji, ng'ombe. Kati ya kiwingu na nyasi acha nafasi ya picha moja.