Umeme wa jua bila bei ya serikali: yanayosemwa na yaliyopo

Nafunga sola hapa Arusha, karibu na soko la Kilombero. Majuzi mzee mmoja wa Ngarenanyuki, mkulima wa nyanya, alikuja kuulizia pampu akanikuta namsimulia kijana wangu wa kazi habari za mitambo ya Ulaya isiyotegemea ruzuku. Akacheka. "Mwanangu, serikali ikiondoa mkono pale, jua halilipi."

Dhana: bila bei maalumu ambayo serikali humhakikishia mwenye kuuza umeme, mtambo unakufa.

Zamani angekuwa sahihi. Paneli zilikuwa ghali, ndiyo maana sheria ya Ujerumani ya mwaka 2000 ilimhakikishia mzalishaji bei kwa miaka 20. Lakini kati ya 2010 na 2020, gharama ya kuzalisha uniti moja kwenye mitambo mikubwa ya jua duniani ilishuka kwa takriban asilimia 85. Mwaka 2017 Uingereza, nchi ya mawingu, ilifungua mtambo wa Clayhill wa megawati 10 bila ruzuku. Ujerumani nako ukajengwa wa Weesow-Willmersdorf, megawati 187, si mbali na Berlin.

Dhana: basi wenye mitambo hiyo wanavuna faida tu.

Hapa nilimuuliza: "Mzee, mkivuna nyanya wote wiki moja, inakuwaje?"

"Unambembeleza mtu achukue tenga."

Umeme wa jua ndio huohuo. Paneli zote huvuna saa sita mchana. Ujerumani, Jumapili yenye jua kali na viwanda vimefungwa, bei ya sokoni huweza kushuka chini ya sifuri: mwenye umeme anamlipa mtu auchukue! Mzee alinitazama kama namdanganya.

Ndiyo maana wajanja hawaendi sokoni mikono mitupu. Humtafuta kwanza mnunuzi mkubwa na kufunga naye mkataba wa miaka mingi, ndipo benki inakubali kukopesha. Mtambo wa Don Rodrigo karibu na Sevilla, Hispania, ulikamilika mwaka 2018 kwa mkataba wa miaka 15. Wengine huweka betri wauze jioni watu wakiwasha taa; Clayhill walizifunga tangu mwanzo.

Dhana: miaka ya bei maalumu ikiisha, paneli ni chuma chakavu.

Hapana. Paneli nzuri hupungua nguvu kama nusu asilimia kwa mwaka. Kinachoisha ni ile bei maalumu.

Dhana: bila ruzuku maana yake serikali haipo.

Ipo sana. Kwetu, anayetaka kuingiza umeme kwenye gridi atakutana na TANESCO kama mnunuzi na EWURA kama msimamizi, awe na ruzuku au asiwe nayo.

Mzee alirudi kwenye pampu yake. "Na usiku itavuta maji kwa nguvu gani? Betri zako bei yake siiwezi."

"Huhitaji betri, mzee. Weka tangi juu, lijaze mchana."

Akanyamaza kidogo, kisha akauliza tangi la lita elfu tano ni shilingi ngapi.